Eti napima programu au napika maharage?!

Wakuu, hasira niliyonayo hata chai imenishinda.

Yule jamaa mnamjua. Skripti ya testi hajawahi kuandika hata moja, ila akiona nyekundu (testi iliyofeli) kwenye ripoti anageuka hakimu. Leo asubuhi, mbele ya timu nzima, mbele ya bosi, mbele ya dada wa maandazi, ananiuliza: "Wewe unapima programu au unapika maharage?"

Maharage!

Kosa langu? Kupandisha taimauti, yaani muda testi inaopewa kabla ya kukatwa, kutoka sekunde 30 hadi 90. Tunatumia Playwright, chombo cha kupima programu za wavuti, na zile 30 ni za testi nzima, zinaanza kuliwa tangu maandalizi yanayotangulia kila testi. Seva yetu ya majaribio, kuingia tu kwenye akaunti ni sekunde 22. Nikamfungulia logi ya jana usiku: kuingia 22, kujaza fomu 5, zimebaki 3 za kusubiri jibu la malipo. Hakutazama. Kafunga laptopu yangu kwa kidole. Kidole kimoja, wakuu! Ndipo akasema maharage.

Karudisha 30. Testi 14 nyekundu, na jina lililoandikwa ni langu. Bado naisikia ile sauti: maharage.

#2 Kidole kimoja? Huyo ni wetu, au kuna kiwanda wanakotengenezwa?

#3 Pole mkuu, lakini sekunde 22 za kuingia ni maharage kweli, tena mabichi. Ingia mara moja, hifadhi sesheni (kumbukumbu kwamba umeshaingia), testi zote zitumie hiyo.

Mleta uzi Hilo nililiomba mwezi uliopita. Aliyekataa ni yeye! Halafu leo maharage!

#5 Una 30 unalia? Sisi tupo kwenye Mocha, chombo kingine cha testi, usipoigusa taimauti yake ni sekunde 2. MBILI. Hata kupiga chafya hazitoshi.

#6 Afadhali nyie mnakatwa. Yetu ilikwama Ijumaa jioni kwenye GitHub Actions, huduma inayoendesha testi zenyewe, hakuna aliyeweka kikomo, ikakaa hadi dakika 360 zikaisha. Saa sita! Napigiwa simu nikiwa harusini.

#7 Harusini pilau lilikuwepo?

#6 Lilikuwepo. Nyama vipande viwili, na mchango nilitoa laki.

#8 Laki?! Kamati za harusi ni wezi. Subirini nifungue uzi.