Tupeane uzoefu: laptopu imefungwa kwa BitLocker, imepiga apdeti, imegoma kuwaka

Katibu wa kikoba, Kibirizi

Wapendwa, habari za jioni. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu tangu mwezi uanze nimekutana na watu watatu hapa Kigoma mjini waliopigiwa Windows upya na kupoteza kila kitu, na wote watatu ufunguo wao wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, ulikuwepo mahali. Hawakuambiwa wautafute. Yaliyokukuta yaandike hapa, na ulivyotoka pia. Naanza mimi.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake tunavunja kikoba. Tuko kina mama thelathini, wengi tunaanika dagaa, na hisa na mikopo ya mwaka mzima iko kwenye laptopu ninayoitunza mimi. Ijumaa usiku iliniambia kuna apdeti, nikaikubalia nikalala. Asubuhi nawasha nakuta kioo cha bluu, inataka ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Paswedi yangu ya kila siku haina pa kuandikwa. Sikuwa najua hata kama laptopu ile ina kitu kinaitwa BitLocker.

Jua lilishatoka, wenzangu wananiita nikageuze dagaa, na mimi nimepakata laptopu miguu haina nguvu ya kuinuka. Nikaipeleka Mwanga, hapa hapa mjini. Fundi wa kwanza aliitazama haifiki dakika, akasema, "Mama, hii ni kupiga window tu, elfu thelathini." Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na mbili. Nikamwambia nakuja, nikatoka, nikampigia mtoto wa kaka yangu aliye chuoni Dodoma, kwa kuwa ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza tulipoinunua.

Akaniambia, "Shangazi, usimpe mtu hiyo laptopu. Hapo kwenye kioo kuna kitambulisho cha ufunguo. Nisomee herufi nane za mwanzo." Nikamsomea. Akaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft, akaikuta laptopu yetu kwenye orodha, kitambulisho kile kile, na ufunguo wake pembeni.

Sasa kuzisoma zile tarakimu kwa simu ilikuwa kazi nyingine. Mtandao unakatika, mashine za boti zinanguruma, naandika nyuma ya kalenda. Nilipoziingiza, fungu la nne likakataliwa. Ndipo akanifundisha jambo ambalo nataka kila mtu hapa alijue: tarakimu zile zimegawanywa mafungu manane ya sita sita, na kila fungu sharti ligawanyike kwa 11 bila kubakiza kitu. Nikafungua kikokotoo cha simu. Tarakimu nimezibadilisha hapa, ila kosa ni hilo hilo: niliandika 396672, ukigawa kwa 11 inatoka na mikia ya desimali. Yeye alikuwa amesema 396627, ambayo inatoa 36057 kamili. Nikasahihisha, nikabonyeza, ikawaka. Jumapili tukagawana kila mtu na chake.

Zile namba sasa ziko kwenye karatasi ndani ya sanduku la kikoba, lile la kufuli tatu ambalo funguo zake wanazishika kina mama watatu.

Mwalimu, Kasulu

Pole sana dada Katibu, na hongera. Mimi sikutoka salama. Laptopu ilikuwa yangu lakini ilibeba alama za kidato cha pili, mikondo mitatu, pamoja na picha za mazishi ya mama ambazo hazikuwa kwingine kokote. Kioo kile kile cha bluu. Nikampa fundi, akaniuliza kama niko tayari aniwekee Windows mpya, nikasema ndiyo, sikuelewa anachouliza. Jioni ikarudi nyeupe kabisa.

Miezi miwili baadaye napanga kabati nikakuta bahasha ya risiti. Ndani kuna karatasi iliyochapishwa, mafungu manane ya tarakimu. Aliyeniuzia aliichapa akaiweka mle, na mimi sikuwahi kuisoma. Alama nilizipata upya kutoka kwenye madaftari ya wenzangu. Picha hazikurudi.

Fundi wa kompyuta, Mwanga

Mwalimu, pole kwa kweli. Hilo la picha limeniuma kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kumfanyia mteja hivyo hivyo, na mpaka leo nikikutana naye sokoni najua kilichopotea ni nini. Tangu hapo sigusi mashine yenye kioo cha bluu kabla ya kumkalisha mteja na kumuuliza maswali: nani aliiwasha mara ya kwanza? Kwa barua pepe ipi? Ilikuwa ya ofisi? Risiti iko wapi? Kuna flashi iliyokuja nayo?

Nieleze kwa nini inatokea, maana watu wanadhani ni kirusi. Ndani ya kompyuta kuna chipu inayoitwa TPM. Kila ukiwasha, chipu ile inachukua vipimo vya hatua za mwanzo: bayosi (programu ndogo inayoamka kabla ya Windows), mpangilio wake, programu inayoiamsha Windows. Vipimo vikiwa vile vile vya jana, inatoa ufunguo kimya kimya na wewe huoni kitu. Apdeti ikigusa bayosi au ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, vipimo vinabadilika, chipu inakataa, ndipo unaulizwa tarakimu 48. Kwa chipu, apdeti halali na mwizi aliyechomoa diski vinafanana. Haiharibu kitu. Mafaili yako yapo yote.

Na laptopu nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kumuuliza sana. Uzuri ni kwamba ufunguo unapelekwa kwenye akaunti ile ile. Ukiwa na simu yenye bando, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa barua pepe iliyotumika kuiwasha. Siyo lazima iwe yako. Hapa mjini nyingi zimewashwa na shemeji, na muuza duka, na kijana wa chuo kama wa Mama Katibu.

Kabla ya hapo jaribu kitu kimoja kidogo. Kama uliiacha flashi imechomekwa, au mtu aliingia kwenye bayosi akabadilisha mpangilio wa kuwasha, ichomoe, rudisha ilivyokuwa, zima, washa. Vipimo vikirudi vya zamani chipu huachia yenyewe. Nimewaokoa watu kadhaa kwa hilo tu na sikuwatoza.

Ukijua unakwenda kupiga apdeti ya bayosi, simamisha ulinzi kwanza. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -disable C: halafu endelea. Ukimaliza na imewaka vizuri, rudia amri hiyo na -enable mahali pa -disable.

Wala tusijione washamba. Julai 2024 apdeti ya Windows ya tarehe 9 ilifanya baadhi ya mashine duniani ziulize ufunguo, na Microsoft wenyewe wakakiri, wakarekebisha kwenye apdeti ya Agosti. Julai hiyo hiyo, tarehe 19, faili bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows karibu milioni 8.5. Kulifuta faili lenyewe ilikuwa kazi ya dakika chache, lakini zilizofungwa kwa BitLocker zilidai kwanza ufunguo, moja moja, kwa mkono.

Anayekuambia anaifungua bila ufunguo kwa elfu themanini, mwache. Sisi mafundi wa mtaani njia hiyo hatuna.

Mhasibu, Tabora

Yangu fupi. Laptopu ya kazini, nilikuwa Urambo kwenye vyama vya msingi vya tumbaku ilipogoma. Nikapiga simu makao makuu, wa TEHAMA akauliza kitambulisho cha ufunguo, akaangalia kwenye seva yao, akanitumia tarakimu kwa ujumbe. Robo saa. Laptopu ya ofisi usihangaike na mafundi, ufunguo wanao waliokupa.

Wakala wa mizigo, bandarini Kigoma

Naomba niongeze ya kwangu ingawa situmii Windows. Laptopu yangu nilinunua Bujumbura, kibodi ya Kifaransa. Kijana mmoja akaniwekea Ubuntu na kuifunga diski, inayouliza paswedi kabla ya kitu chochote. Miaka miwili shwari. Siku moja baada ya apdeti naandika paswedi, inakataa. Naandika taratibu, inakataa. Meli imeshatia nanga, nyaraka za mzigo wa Kalemie ziko mle ndani, na nahodha ananipigia kila baada ya dakika kumi.

Nikadhani diski imekufa. Kumbe apdeti ilikuwa imerudisha kibodi ya Kiingereza kwenye ile hatua ya mwanzo tu. Paswedi haionekani unapoiandika, kwa hiyo huwezi kujua. Kwenye kibodi ya Kifaransa A ipo mahali ambapo Waingereza wanaweka Q, Z ipo kwa W, na M imekwenda kando ya L. Chukua neno samaki: mimi nabonyeza s-a-m-a-k-i, mashine inasoma s, q, nukta mkato, q, k, i. Nikachora kibodi ya Kiingereza kwenye karatasi, nikawa nabonyeza kwa kufuata mchoro: penye Q kwa ajili ya a, penye alama ya mkato kwa ajili ya m. Ikafunguka mara ya kwanza.

Baadaye yule kijana akaniongezea paswedi ya pili kwenye diski hiyo hiyo, yenye herufi ambazo hazihami kwenye kibodi hizi mbili. Inawezekana, diski moja inakubali paswedi zaidi ya moja. Wenye laptopu za Burundi na Kongo, na tuko wengi hapa, jaribuni kibodi kabla ya kukata tamaa.

Afisa takwimu, Kibondo

Ya Ubuntu nami ninayo. Apdeti ilileta kerneli mpya (ule moyo wa mfumo), lakini ile sehemu ndogo ya diski inayoitwa /boot ilikuwa imejaa kerneli za zamani, faili la kuamshia halikukamilika. Nilipowasha, maandishi meupe yakatiririka yakaishia kwenye kernel panic, yaani mfumo umegoma kuendelea. Haikuuliza hata paswedi ya diski.

Dawa: nikazima, nikawasha huku nabonyeza Esc mpaka orodha ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, ikatokea, nikachagua kerneli ya zamani. Ikauliza paswedi, ikaingia kama hakuna kilichotokea. Kisha df -h /boot kuhakikisha kweli imejaa, nikaondoa kerneli zisizotumika kwa apt autoremove --purge, nikamalizia na update-initramfs -u -k all. Kerneli ya zamani ndiyo mlango wa nyuma, usizifute zote.

Mfanyabiashara wa chumvi, Uvinza

Jamani nimeuona uzi huu nikiwa kwenye tatizo lenyewe, tangu asubuhi. Laptopu niliinunua kwa binamu yangu. Nimempigia, amefungua akaunti yake, kuna funguo mbili zenye jina la kompyuta moja. Ameniambia nijaribu ya karibuni. Imekataa. Nijaribu ya zamani au nitajifungia kabisa?

Fundi wa kompyuta, Mwanga

Hujifungii kaka, diski haijifuti kwa sababu umekosea. Ila usibahatishe. Achana na tarehe, achana na jina. Linganisha herufi nane za kitambulisho kilichopo kiooni kwako na zile za akaunti ya binamu, herufi kwa herufi. Mashine ikifungwa upya inapata ufunguo mpya, ndiyo maana ziko mbili.

Mfanyabiashara wa chumvi, Uvinza

Kiooni inaanza na B, ya karibuni inaanza na 8. Kwa kutazama haraka vinafanana. Ngoja anitumie ile nyingine kwa ujumbe.

Mfanyabiashara wa chumvi, Uvinza

Imewaka! Mungu awabariki. Niizime niiwashe tena nione kama imepona?

Fundi wa kompyuta, Mwanga

Usiizime bado. Chomeka flashi, nakili kwanza daftari la wadeni na yote unayoyahitaji. Kisha simamisha ulinzi na kuurudisha kwa ile amri niliyoandika juu, ili chipu ichukue vipimo vipya. Ukiishafanya hayo mawili ndipo uizime, na hizo tarakimu ziwe karatasini, siyo ndani ya laptopu.