Mama amebadilika ndani ya siku nne, watu wanasema ni uzee. Naombeni ushauri

Kitindamimba
Habari zenu wakuu. Naandika saa tisa usiku, mama ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi.

Nipo naye Muheza, ana miaka 79. Wakubwa wangu wako Dar na Mwanza, wanatuma hela ya matumizi, mimi ndiye ninayeshinda naye. Kwa miaka mitatu namwona anavyopungua: mikono imebaki mifupa, ngozi ukimshika kwa nguvu inavilia damu, akiinuka lazima ashike ukuta. Hayo nimeshayazoea. Ila tangu Alhamisi ni kitu kingine. Mchana analala tu, usiku anaamka anamwita mjomba ambaye ni marehemu, anataka kwenda shamba kuchuma machungwa. Jana hakunitambua. Aliniamkia "shikamoo", mimi mwanawe wa kumzaa.

Homa hana, nimempima. Maji anakataa, anasema hana kiu. Kuna jirani, mama mtu mzima, anakuja kumwogesha kila baada ya siku mbili, maana mimi ni mwanamume na mama hawezi kukubali. Huyo ndiye kaniambia kuna doa jeusi limetokea juu kidogo ya makalio. Majirani wengine wanasema ni uzee, wengine wameshaanza kutaja uchawi. Nifanye nini? Nimechoka na naogopa.

NesiWaZamu
Pole sana mdogo wangu. Nimeuguza wazee wodini miaka 14, nisikilize: uzee hauingii siku ya Alhamisi. Misuli kupungua, ngozi kuwa nyepesi, kuamka usiku kukojoa, hayo ndiyo ya umri na huja polepole. Mtu aliyekuwa anakufahamu wiki iliyopita akikusahau leo, huo ni ugonjwa, na mara nyingi unatibika.

Kukosa homa kusikutulize. Mwili wa mzee unaweza kuwa na maambukizi makali usichemke, dalili pekee ikawa huko kuchanganyikiwa. Huwa ni njia ya mkojo, mapafu, sukari, kupungukiwa maji, hata choo kuziba. Mwangalie pia kama mdomo umekwenda upande au mkono mmoja umelegea, hapo ni kiharusi, hata dakika usipoteze. Kukikucha mpeleke hospitali. Anatumia dawa gani? Mkojo una rangi gani?

Kitindamimba
Asante dada. Dawa za presha mbili, moja ya kukojoza, anameza jioni. Mkojo ni mweusi kama chai ya rangi na unanuka. Nimemuuliza jirani, akaniambia jambo limeniuma: mama alimnong'oneza kwamba maji anayaacha makusudi, asije akalowesha kitanda nikafua mimi.

NesiWaZamu
Ndiyo wazee wetu, aibu inawaua. Na kiu yenyewe hupungua na umri, kwa hiyo "sina kiu" si kipimo. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kidogo kidogo, nusu kikombe, hata uji mwepesi au maji ya dafu. Akiwa amezubaa usimlazimishe, atapaliwa. Dawa usiikate mwenyewe. Ibebe na kopo lake umwonyeshe daktari, umuulize kama ile ya kukojoza inaweza kuhamia asubuhi.

Mzigua90
Kaka, hospitali ulizia dirisha la wazee, na kama ana kitambulisho cha mzee usikisahau. Sera ya wazee ya 2003 inahesabu kuanzia miaka 60, asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Baadhi ya sehemu hawasemi mpaka uulize.

BintiWaSheikh
Niongelee doa, kwa sababu baba yangu lilianza hivyo hivyo tukalidharau, mwezi mmoja baadaye mfupa ulikuwa unaonekana. Kwenye ngozi yetu usitegemee kuona wekundu. Jirani aweke kiganja: pakiwa na joto kuliko pembeni, au pagumu, au pamelainika kama embe lililoiva sana, nyama ya chini inakosa damu. Msipasugue, msipake spiriti, wala msimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati. Dawa ya kwanza ni kuuondoa uzito pale.

Unaweza kumgeuza bila kumvunjia heshima. Kunja shuka mara mbili, litandikwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, yeye kavaa na kajifunika kanga. Wewe upande huu, jirani upande ule, mnanyanyua kwa shuka. Msimburute, kuburuta ndiko kunakochuna ngozi. Mlaze ubavu kidogo, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, na mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila saa mbili, usiku na mchana. Na hao wa Dar na Mwanza waambie zamu ya usiku hailipwi kwa simu, mmoja apande basi.

Kitindamimba
Nimerudi kuwapa mrejesho, samahani nimekaa kimya siku sita. Ilikuwa njia ya mkojo, na mwili ulikauka. Kawekewa dripu na dawa za sindano siku tatu. Daktari kaihamishia asubuhi ile ya kukojoza. Doa halijapasuka, tunageuza kila saa mbili kwa alamu ya simu. Dada amekuja toka Mwanza, ndiye anayemwogesha sasa. Tumenunua pampasi na mpira wa kutandika, na nimemwambia mama mwenyewe kwamba kufua hakunisumbui, yeye alinifulia nepi.

Asubuhi hii nimeingia na kikombe cha uji. Akaniangalia kwa muda, halafu akauliza mbona leo sijamwamkia.