Binti yangu anataka kuishi kwa tenisi. Kuna aliyepita njia hii?

Baba Wawili, Arusha

Salaam wakuu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alianza kwa kuokota mipira kwenye klabu ninakofanya kazi, mwanachama mmoja akamwachia raketi kuukuu, na siku hizi anawafunga hata vijana wenye ndevu. Tangu asikie habari za Angella Okutoyi wa Kenya, hasikii la mtu. Anataka kuwa mchezaji wa kulipwa.

Mimi ni fundi umeme, tenisi naijua ya kutazama Wimbledon tu. Wale wa juu wana hela, hilo naliona. Swali langu: yule aliye wa 600 duniani, au wa 800, anakula nini? Naomba anijibu aliyepita huko.

Mtazama Mechi

Mzee, msomeshe uhasibu. Huku kwetu hata bingwa wa taifa anachangiwa nauli kwenye makundi ya WhatsApp.

Mkono wa Kushoto, Mombasa

Shikamoo baba. Mimi nilipita. Mwaka mmoja na nusu, mashindano 14, mpaka goti likakataa. Nilipofika juu kabisa nilikuwa wa mia nane na ushee.

Tuanze na hela, maana ndiyo uliyoulizia. Mashindano ya chini kabisa ya wanawake yanaitwa W15, kwa kuwa fungu zima la zawadi ni dola 15,000, na hilo wanagawana wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Wakati wangu bingwa alichukua dola 2,352. Ukitolewa raundi ya kwanza ulipewa 147, na hapo kodi bado. Ada ya kuingia shindano ilikuwa dola 40. Ukiishia kwenye mchujo, yaani mechi za kutafuta nafasi ya kuingia shindano lenyewe, pole, unarudi na jasho lako.

Sasa weka nauli. Mashindano hayo hapa kwetu ni ya kuhesabu, kwa hiyo wengi tunakimbilia Monastir kule Tunisia, au Sharm el-Sheikh ya Misri, au Antalya ya Uturuki, ambako yanachezwa karibu kila wiki kwenye hoteli zilezile. Nilikaa Monastir wiki tano mfululizo kwa sababu tiketi ya kurudi nyumbani na kwenda tena ingenimaliza. Nililala chumba kimoja na msichana wa Kyrgyzstan, tukielewana kwa ishara na biskuti. Wiki ya pili nilitolewa Jumanne saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa nafua soksi kwenye sinki la bafuni. Halafu nini? Huna pa kwenda hadi mchujo mwingine uanze. Unatafuta aliyetolewa mwenzako, mnapigishana mipira, mnaongea habari za nyumbani, na bili ya chumba inaendelea.

Kilichoniokoa ni nyuzi. Raketi zinakatika nyuzi, na kumlipa fundi wa pale kila mara ilikuwa inanila. Nilikuwa nimebeba mashine ndogo ya mezani, ile ya kuvuta kwa uzito, na roli moja la nyuzi. Nikaanza kuwafungia wenzangu usiku, nimekaa sakafuni, mashine juu ya meza ya kahawa. Wiki ya tatu nyuzi ziliniingizia kuliko tenisi. Mama yangu nilipomwambia alicheka mpaka akakata simu.

Jambo jingine, ambalo mzazi hatalijua mpaka limpate. Hata mechi hizi ambazo hazina watazamaji zaidi ya kocha na paka wa hoteli, kuna watu huko duniani wanazichezea kamari. Nikishindwa, simu inajaa matusi. Nikishinda pia, kutoka kwa upande wa pili. Mara moja mtu nisiyemjua aliniandikia, akitaka nipoteze seti ya kwanza, na bei aliyotaja ilipita zawadi ya bingwa. Niliripoti, nikamfungia asiniandikie tena. Lakini usiku ule sikulala, nikipiga hesabu ya kodi ya nyumba. Binti yako aambiwe haya mapema, kabla hajawa peke yake chumbani na simu.

Baba Wawili, Arusha

Marahaba mwanangu. Umenitoa jasho. Sasa Okutoyi alipitaje?

Mkono wa Kushoto, Mombasa

Okutoyi alilelewa na bibi yake, aliyekuwa mfanyakazi kwenye shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi. Ila alipata mlango: Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lilimchukua kwenye kituo chake cha mazoezi cha Casablanca, Moroko. Sada Nahimana wa Burundi naye alipita hapohapo. Mwaka 2022 Okutoyi akashinda Wimbledon ya vijana, ya wawili wawili, na mwenzake Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Januari 2023 akaenda chuo cha Auburn, Alabama, Marekani, na 2024 akabeba dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Fainali ile ya Wimbledon waliwafunga Wakanada wawili. Mmoja ni Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Mboko alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora, kwenye hivihivi vimashindano, na Agosti akamfunga nyota wa Japani Naomi Osaka fainali ya Montreal. Kwa hiyo ngazi ipo. Ila aliyewahi kuwa mbele, kama Okutoyi siku ile, siyo lazima abaki mbele. Nyuma ya Mboko kuna nchi yenye viwanja vya ndani na makocha.

Na uone pengo lilivyo: Wimbledon 2025, kupoteza mechi ya kwanza ya droo kuu kulilipwa pauni 66,000. Mimi ningetakiwa nitolewe raundi ya kwanza Monastir kama mara 600.

Mama Mapacha, Houston

Baba, mimi ningeanzia chuo. Mwanangu wa kike anacheza huku. Ada, kocha, daktari, safari, vyote chuo kinabeba, na likizo anaingia hayo mashindano ya W15 bila kuogopa bili. Makocha wa huku wanaangalia alama za UTR (kipimo cha uwezo wa mchezaji wa tenisi), video ya mechi nzima (si vipande vya kujipamba), na matokeo ya shule. Hesabu na Kiingereza visishuke. Na muulize kocha kuhusu pesa za zawadi kabla hajazigusa, maana vyuo vina kanuni zake na zinabadilikabadilika.

Mtazama Mechi

Uhasibu pia unasomwa Alabama. Naishia hapo.

Baba Wawili, Arusha

Nimemsomea yote jana jioni, pamoja na yale ya kamari. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: ile mashine ya kufunga nyuzi ilikuwa shilingi ngapi?

Mkono wa Kushoto, Mombasa

Mwambie niliinunua mkononi kwa mtu, shilingi elfu ishirini na tano za Kenya. Kibanio kimoja kimelegea, nimekikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Aanze na raketi iliyochakaa, na asivute kilo nyingi siku ya kwanza. Fremu yangu ya kwanza niliivunja hivyo.