Kielelezo cha kompyuta kabla ya upasuaji wa ubongo: kuna haja ya kukisubiri?

MwanaKatuba
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mama yetu amegunduliwa kuwa na uvimbe wa meninjioma, yaani unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, chini ya utosi, katikati ya kichwa. Bingwa wa upasuaji aliyeko Johannesburg, ambaye madaktari wa hapa wametuelekeza kwake, anataka picha zote za IRM (mashine ya sumaku, MRI kwa Kiingereza) ili timu yake itengeneze kwanza kielelezo cha kichwa cha mama katika kompyuta, na ndipo apange tarehe. Katika kikao cha familia baba mdogo amesema hiyo ni njia ya kuongeza gharama tu, kwa sababu picha zipo na uvimbe unaonekana hata kwa macho yetu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na wadogo zangu wananingojea. Kielelezo hicho kinamwonyesha daktari nini ambacho picha hazimwonyeshi? Na tutume nini hasa?

FundiPicha_Kampemba
Pole sana, yaya, na Mungu ampe mama nguvu. Kazi yangu ni ya chumba cha skana, kwa hiyo nitajibu upande huo.

IRM hukipiga picha kichwa kipande kwa kipande, kimoja baada ya kingine, na kila picha mnayoiona ni kipande kimoja tu. Bingwa mzoefu huviunganisha akilini mwake, lakini akilini mwake hakuna mwingine anayeweza kuingia. Ili kutengeneza kielelezo, mtaalamu huketi mbele ya skrini na kuufuata mpaka wa uvimbe katika kila kipande, akiupaka rangi yake, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) rangi nyingine, na mfupa nyingine. Programu humsaidia sana, ila pale uvimbe unapogusana na utando wa ubongo, jicho la mtu ndilo linaloamua. Kisha vipande huunganishwa, na timu nzima inaweza kukigeuza kichwa hicho, kukiondoa fuvu na kuutazama uvimbe kutoka upande ule ule ambao kisu kitaingilia.

Kwa mama jambo hili ni zito. Chini ya utosi, kutoka paji la uso hadi kisogoni, unapita mfereji mkubwa wa damu ya vena, na meninjioma za mahali hapo huweza kuubana au hata kuingia ndani yake. Theluthi ya mbele ya mfereji huo mara nyingi inaweza kufungwa bila madhara makubwa. Nyuma ya hapo, ikiwa damu bado inapita, kuufunga kunaweza kuleta kupooza au kifo. Daktari anataka kujua uvimbe umeshika sehemu ipi, na ni vena zipi ndogo zinazopita juu yake. Mwambieni baba mdogo, kwa heshima, kwamba kuuona uvimbe ni hatua ya kwanza tu. Njia ya kuufikia ndiyo inayotafutwa.

Tumeni diski yenye faili za DICOM, yaani picha halisi kama mashine ilivyozihifadhi, zote. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikielekezwa dirishani haiwezi kutengeneza kielelezo chochote.

Mwanafunzi_Upasuaji
Nakubaliana na fundi. Naongeza kwamba mbinu hii si ngeni katika kanda yetu. Mwaka 1997 mapacha wa kiume kutoka Zambia, jirani zetu, walioungana vichwani, walitenganishwa katika hospitali ya chuo kikuu cha udaktari cha Medunsa, Afrika Kusini, kwa upasuaji wa saa 28 ulioongozwa na Ben Carson, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa amejizoeza kwa kielelezo cha kompyuta cha vichwa vyao. Wote wawili walipona.

Lakini familia ijue pia mpaka wa chombo hiki. Kielelezo kinaonyesha kichwa kilivyokuwa siku ya picha. Fuvu likifunguliwa na maji ya ubongo yakitoka, ubongo husogea, wakati mwingine zaidi ya sentimita 1, na kielelezo hakisogei nao. Kwa hiyo hekima ya daktari aliye mezani haibadilishwi na kompyuta. Mkipata nafasi ya kuzungumza naye, mwulizeni waziwazi jinsi anavyokabiliana na hilo.

MwanaKatuba
Nimewasomea wote nyumbani, na baba mdogo ametulia. Swali moja limebaki: pembeni mwa picha zetu imeandikwa unene wa milimita 5. Je, zinatosha?

FundiPicha_Kampemba
Kwa uchunguzi wa kwanza zilitosha, yaya; kwa kielelezo, sidhani. Vipande vya milimita 5 hutoa uvimbe wenye ngazi ngazi, na mshipa mwembamba unaweza kupotea katikati ya vipande viwili. Kompyuta haiwezi kurudisha kisichopigwa. Kwanza tumeni diski hiyo hiyo pamoja na swali hilo, maana timu ya Johannesburg inaweza kupendelea kurudia picha kwa mashine yake, nanyi msilipe mara mbili. Wakisema zipigwe hapa, mwombeni daktari wa mama aandike katika karatasi ya maombi vipande vya milimita 1 kwa kichwa kizima, pamoja na dawa ya kung'arisha picha na picha za vena. Awaeleze pia wahudumu wa IRM hali ya figo za mama kabla ya kuchomwa dawa hiyo.