Miaka 43, naweza kuingia mashindano ya kuogelea?

Mlikoni: Salaam wadau, mie nna miaka 43, kuogelea nlijifunza baharini huku Likoni tangu mtoto, swimingi puli nimeanza juzi tu. Nasikia kuna mashindano ya watu wazima, masters, sasa lazima uwe ulikua bingwa ama hata sie wa kujifurahisha twaruhusiwa? Na ntapangwa na vijana wa 25 kweli?

Bi Mkubwa: Hapana mwanangu, hupangwi nao. Kwa sheria za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, masters yaanza miaka 25, na makundi ni ya miaka mitano mitano, kwa hivo wewe ni 40-44. Umri wahesabiwa ule utakaokua nao tarehe 31 Desemba mwaka wa mashindano. Ubingwa si lazima, ila mashindano ya dunia yana muda uliowekwa, lazima uwe waweza kuogelea ndani ya muda huo.

Kibokoni: Na kama kuchupa kutoka juu hujui usiogope, waruhusiwa kuanzia majini umeshika ukuta. Rilei, ile ya kupokezana, ndo tamu, wanne mwajumlishiwa umri ndo mpangiwe kundi, wazee nao wana kazi 😂

Mlikoni: Aah shukran, kumbe! Ntafute goggles basi, maana klorini yaniwasha macho kushinda chumvi.