Rufaa ya shamba la mikarafuu, mpinzani kaomba kukaza hukmu (yaani itekelezwe), nifanyeje?

MtuWaWete: Asalaam alaykum jamani. Shamba la marehemu baba tumeshindwa Mahkama Kuu, tukapeleka notisi ya rufaa (taarifa kuwa tunakusudia kukata rufaa) siku ya 21 tu tangu hukmu, tukaandika na barua ya kuomba mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahkamani), mie nikajua basi tunangoja kuitwa tukaseme. Jumatatu ya wiki iliyopita tumeletewa karatasi, mtoto wa ami kaomba kukaza hukmu na karafuu ndo zishaanza wekundu, mama hali halali. Kwani rufaa si inasimamisha kila kitu?

KaraniMstaafu: Waalaykum salaam. Haisimamishi mwanangu. Kanuni za Mahkama ya Rufani za 2009, kanuni ya 11, una siku 14 tu tangu upewe hiyo karatasi kupeleka maombi ya kusimamisha utekelezaji. Kwenye kiapo usiandike "tutaumia" ukaishia hapo, andika mikarafuu mingapi, na ukikatwa leo mche mpya unakaa miaka sita saba ndo uzae. Na useme dhamana gani utaweka, hapo khasa ndo wengi wanaanguka.

BintiChake: Ambatanisha notisi ya rufaa, hukmu, dikrii (ile amri rasmi inayotokana na hukmu) na hiyo karatasi ya kukaza. Kaka yangu alisahau dikrii, wakili wa upande wa pili akaleta pingamizi la awali (hoja ya sheria kabla maombi hayajasikilizwa), maombi yakaondoshwa hata hakufungua mdomo.

MtuWaWete: Leo siku ya 9 basi 😭 Notisi mtoto wa ami tulimpa kasaini, ila ile barua ya mwenendo nakala hatukumpa, hatukujua.

KaraniMstaafu: Hiyo ya barua ndo imenitisha. Rufaa yenyewe inatakiwa iingie ndani ya siku 60 tangu notisi, siku za kungojea mwenendo Mrajis (msajili wa mahkama) anazipunguza kwenye hesabu kwa cheti, lakini cheti hakikufai kama mpinzani hakupewa nakala ya barua. Mpelekee leo leo, asaini na tarehe. Muda ukikupita ni kanuni ya 10, kuomba kuongezewa, na huko utaeleza kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi. Ya kusema mbele ya majaji yaache kwanza.

BintiChake: Kama wakili hammuwezi, Kituo cha Huduma za Sheria wana ofisi hapa Chake Chake, Pemba.

MtuWaWete: Barua kaipokea saa hii, kasaini mlangoni hakunikaribisha hata ndani. Alfajiri nnakuja Chake na makaratasi yote, mama kayatia kwenye mkoba wake wa ukili.