Kelele za ofisi ya wazi: tulaumu watu au tulaumu dari?

Nyange wa Upanga (mleta mada)
Wakuu, nimevumilia nimechoka. Ofisi yetu hapa Dar ilivunja kuta mwaka jana, idara zote zikakusanywa ukumbi mmoja: uhasibu, manunuzi, huduma kwa wateja na sisi wa mikataba. Sakafu marumaru, upande wa barabarani kioo kitupu, juu jipsam iliyopigwa rangi. Siku ya uzinduzi kila mtu alipiga picha. Kazi yangu ni kusoma mikataba kifungu kwa kifungu. Dada wa huduma kwa wateja akiwa kule dirishani anamtajia mteja namba ya ankara, nasikia tarakimu zote, na kifungu nilichokuwa nakisoma kinapotea.

Tumelalamika, ukaja waraka: tusemezane kwa sauti ya chini, simu zipokelewe koridoni. Msimamo wangu ni kwamba waraka haufyonzi sauti. Walipata hela ya vioo, wapate na hela ya dari. Je, mwajiri abebe mzigo huu, au sisi ndio tufundishwe adabu?

Mzee wa Faili
Adabu kwanza. Nimetumikia wizara enzi za taipureta. Makatibu muhtasi chumba kimoja, mashine zinagonga kutwa, na barua zilitoka safi. Hakuna aliyedai dari. Na niseme lisilopendwa: kelele kubwa ya ofisi za leo ni salamu. Mtu anaingia saa tatu, anazunguka meza kwa meza, umeamkaje, watoto hawajambo, foleni ya Mwenge ilikuwaje. Akimaliza yeye anaingia mwingine. Pigeni marufuku huo mzunguko, kelele itapungua nusu kabla hamjanunua hata msumari.

Binti Pangani
Shikamoo mzee wangu. Hapo umenichoma. Salamu ndiyo kelele? Nilikolelewa mimi, kumpita mtu bila kumjulia hali ni kumtukana. Kuna mwenzetu alikuwa na mgonjwa mahututi nyumbani, tulijua kwa sababu mtu alisimama mezani kwake akamuuliza za nyumbani, akashindwa kujibu. Waraka usingemuuliza.

Kobe Westlands
Niko na Mzee. Huku Nairobi unaingia, unasema "habari zenu" mara moja, unakaa, unafanya kazi. Nilipokuja Dar kikazi, saa nne ilifika watu bado wanaulizana walivyolala.

Binti Pangani
Kobe, hiyo "habari zenu" ya kurushia ukumbi mzima ndiyo yenye kelele. Anayesalimia mezani hutumia sauti ya mezani. Na hayo ya saa nne usituchafulie jiji, sema ofisi uliyofikia.

Nyange wa Upanga
Jamani, sikuuliza salamu.

Fundi Dari
Nafunga dari na patisheni, niruhusuni. Mzee, taipureta haisemi maneno. Kinachomvuruga msomaji ni maneno anayoyaelewa. Ubongo unafuata maana hata usipotaka. Mngurumo wa kiyoyozi unaweza kuwa na desibeli zilezile na baada ya muda ukausahau.

Sasa chukueni ukumbi wa mita 20 kwa 12, kimo mita 3. Marumaru, kioo na plasta hurudisha karibu sauti yote inayovigonga. Kwa hesabu ya Sabine, yule mwalimu wa Harvard aliyeanza mwaka 1895 kupima mwangwi usiku kwa kuhamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, sauti humo itachukua zaidi ya sekunde 2 kufifia. Weka dari nzima ya vibao vya pamba ya mawe vinavyofyonza asilimia 80, inashuka mpaka karibu nusu sekunde, na kelele ya jumla inapungua kama desibeli 7. Na hapo hakuna aliyenyamazishwa.

Dari peke yake haimalizi. Sauti inayotoka mdomoni ikaja moja kwa moja sikioni haipiti darini, kwa hiyo unahitaji viambaza vya kitambaa kati ya meza, na wanaopiga simu kutwa wapewe upande wao.

DJ Mbagala
Yote hayo ya nini? Trei za mayai ukutani, kazi imekwisha. Studio yangu ina trei na nyimbo zinapigwa redioni.

Fundi Dari
Trei ni karatasi nyembamba. Inapunguza kidogo sauti kali za juu, lakini sauti nzito haizigusi, na kuzuia isitoke nje ndiyo haiwezi kabisa. Zaidi ya hapo inashika moto upesi. Ukumbi wenye watu wengi usiuwekee karatasi kavu ukutani, nakusihi. Studioni kwako kinachosaidia ni zulia, mapazia na magodoro.

DJ Mbagala
Magodoro umeyaona wapi? Hujawahi kufika kwangu. Nyie mafundi wa maofisini mnadharau kila kilichotengenezwa kwa hela ndogo. Watu wametoka kimaisha kwenye vyumba vya trei.

Mjukuu wa Tabora
DJ, hajakudharau, ametaja moto. Lijibu la moto.

DJ Mbagala
Nina ndoo ya mchanga mlangoni.

Mama Tunu
Nimesoma kuanzia juu nikanyamaza, sasa nasema. Mimi ni yule "dada wa huduma kwa wateja", si wa ofisi ya Nyange ila kazi ni ileile. Mnadhani napenda kupaza? Navaa hedifoni, pembeni manunuzi wanabishania bei, nje jenereta, mteja yuko Tunduma na mtandao unakatika. Nisipopaza hata mwenyewe sijisikii. Wa meza ya pili naye anapaza kunishinda. Jioni koo limekauka, mwanangu ananiuliza kitu namjibu kwa mkono. Waraka ukitoka, vidole vyote vinaelekezwa kwangu. Nyange, umenitaja mimi kabla ya kumtaja aliyechagua hayo marumaru.

Nyange wa Upanga
Dada, nimeandika ninachosikia, sikuandika kwamba una kosa. Rudi aya ya pili.

Mama Tunu
Nimeisoma. Kwetu nako walianza kwa kuandika "kinachosikika", mwisho nikahamishiwa karibu na choo.

Fundi Dari
Mama Tunu hajakosea hata kidogo. Daktari Mfaransa, Lombard, alilieleza hilo mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Ukumbi wenye mwangwi unawapandisha wote kwa pamoja. Punguza mwangwi, watu watashusha wenyewe. Ndiyo maana waraka unashindwa: unamtaka mtu apambane na sikio lake kutwa.

Mjukuu wa Tabora
Kuna jambo linaniuma. Ofisi za namna hii zilibuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndugu wawili wa ukoo wa Schnelle. Wao walitandika mazulia, wakaweka mimea na viambaza vya kusogezwa. Walioiga baadaye walichukua kuvunja kuta, zulia wakaliacha, kwa sababu kuvunja kuta kunaokoa kodi ya pango na zulia linakula hela. Halafu tunaambiwa ni kwa ajili ya ushirikiano. Watafiti wa Harvard, Bernstein na Turban, walichapisha mwaka 2018 vipimo vya kampuni mbili kubwa zilizohamia ukumbi wa wazi: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70. Watu walihamia kwenye barua pepe.

Mzee wa Faili
Asilimia 70! Basi na salamu zimepungua zenyewe.

Binti Pangani
Mzee, hicho ndicho ulichokuwa unakitaka?

Mzee wa Faili
Sikusema watu wasijuliane hali. Nilisema wajuliane hali wakati wa chai.

Binti Pangani
Mwenye mgonjwa mahututi hangoji chai.

Kobe Westlands
Na mimi sijajibiwa kuhusu saa nne.

Nyange wa Upanga
Kobe, achana na saa nne. Fundi, kuna jipya: jengo tumepanga, na mwenye jengo amekataza dari isiguswe. Uongozi unasema basi, mjadala umefungwa.

Fundi Dari
Haujafungwa. Kuna vibao vinavyoning'inizwa kwa waya chini ya jipsam, unafunga kwenye skrubu chache na siku ya kuhama unaondoka navyo. Vinafyonza pande zote mbili, kwa hiyo hata usipofunika dari nzima utasikia tofauti. Anza juu ya wanaopiga simu. Kioo kiwekee pazia zito lenye mikunjo. Zile za plastiki za kukunja hazisaidii sauti. Zulia chini ya meza litaua mburuzo wa viti na vishindo vya viatu.

Mama Tunu
Hivyo vya kuning'iniza vinauzwaje kwa mita ya mraba? Nina kikao na uongozi Jumatatu na safari hii siendi na malalamiko matupu.

Fundi Dari
Bei inategemea unene na usafiri, nitakuandalia. Nitumie urefu, upana na kimo cha ukumbi, idadi ya meza, na picha ya dari ikionesha taa zilipo. Pima kwa tepu, usipime kwa hatua.